Hivi mtihani wa uraia unaweza kupima utaifa wa mtu? Naomba tujadili kwa hoja

#1 Mjukuu wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila zoezi la vitambulisho au daftari la wapigakura likikaribia, sisi watu wa Kigoma, mpakani na Kongo na Burundi, huwa tunajua kinachofuata: maswali kuhusu uraia wetu. Ndiyo maana nimetumia muda kufuatilia nchi nyingine zinapimaje nani ni wao na nani si wao. Nimefika mahali nina msimamo, nauweka hapa. Mwenye hoja tofauti alete.

Msimamo wenyewe ni huu. Hakuna mtihani unaoweza kupima utaifa wa mtu. Lakini mitihani yenyewe haifanani. Ule wa karatasi, wenye maswali yanayojulikana na alama za kufaulu zinazojulikana, madhara yake ni madogo, kwa sababu haujidai kuona moyo wa mtu. Wa kuogopwa ni ule unaodai kuutambua uraia wako kwenye lafudhi, kwenye sura au kwenye kaburi la babu yako.

Tuanze na Uingereza. Tangu Novemba 2005 anayeomba uraia wa huko hufanya mtihani wa maswali 24 kwa dakika 45, na ili afaulu anatakiwa apate 18. Ada ni pauni 50. Maswali yote yanatoka kwenye kitabu kimoja cha serikali, unakinunua, unakisoma. Toleo la 2013 lilijazwa historia na utamaduni. Humo utamkuta Sake Dean Mahomet, aliyefungua mkahawa wa kwanza wa vyakula vya Kihindi London mwaka 1810, na utakuta hata kimo cha lile gurudumu kubwa la London Eye. Profesa Thom Brooks wa Durham, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Marekani na aliupita mtihani huo akawa Mwingereza, aliukosoa mwaka huohuo wa 2013 akisema umegeuka chemsha bongo ya baa. Hoja yake nzito ilikuwa kwamba mambo ya maana kwa mgeni, kama vile namna ya kuita gari la wagonjwa au kuripoti uhalifu, yaliondolewa, yakaingizwa mambo ambayo Mwingereza wa kawaida hayajui wala hayamsumbui.

Ujerumani nao wana wao tangu Septemba 2008: maswali 33 kutoka benki ya 310, ukipata 17 umepita.

Marekani ni mahojiano ya ana kwa ana na ofisa wa uhamiaji. Kwa miaka mingi yalikuwa maswali 100 ya kujisomea, unaulizwa 10, ukijibu 6 umefaulu. Waliowasilisha maombi kuanzia 20 Oktoba 2025 wana orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20, wanatakiwa wapate 12. Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2018 taasisi ya Woodrow Wilson iliwauliza Wamarekani wenyewe maswali ya aina hiyo, na ni kama mtu 1 tu kati ya 3 aliyefikia alama za kufaulu. Je, wale wawili waliobaki si Wamarekani? Mkulima wa Iowa asiyejua Katiba ya nchi yake iliandikwa mwaka gani anabaki Mmarekani asubuhi na jioni, na hakuna anayemgongea mlango. Mtihani ule haumpimi Mmarekani. Unampima anayetaka kuwa, na kinachopimwa ni kama alijiandaa.

Na mimi hapo sina ugomvi mkubwa. Nchi ikisema, ukitaka kujiunga nasi soma kitabu hiki, hayo ni masharti. Yanaweza kuwa ya kipuuzi, lakini unayaona.

Shida inaanza pale mtihani unapotungwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari kuna anayetaka asipite. Australia walikuwa na mtihani wa imla kuanzia 1901 hadi 1958. Ofisa anakusomea maneno 50 na wewe uyaandike. Sheria ilimruhusu kuchagua lugha yoyote ya Ulaya. Kwa hiyo Mchina au Mhindi akija anajua Kiingereza vizuri, alisomewa lugha nyingine kabisa. Mwaka 1934 alifika Egon Kisch, mwandishi wa Kicheki aliyekuwa akiwapinga Wanazi, na serikali ya Australia haikumtaka. Bwana huyu alijua lugha nyingi za Ulaya. Wakamtafutia Kigaeli cha Uskoti, lugha ya watu wachache wa milimani na visiwani. Akashindwa, kama ilivyokusudiwa. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu ya Australia, nayo ikasema Kigaeli hicho hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Kisch akabaki. Lakini wasio na majina makubwa wala mawakili walirudishwa bandarini miaka yote hiyo, na kwenye kumbukumbu iliandikwa kwamba walifeli mtihani.

Marekani kusini walifanya hivyohivyo kwa raia wao weusi kwenye kupiga kura, mitihani ya kusoma na kuandika ambayo msahihishaji aliamua mwenyewe nani kapita, mpaka sheria ya 1965 ilipoizuia.

Turudi nyumbani sasa.

Kwetu anayeomba uraia wa tajnisi, yaani mgeni anayeomba kuwa raia, sheria ya 1995 inamtaka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na mwenendo mzuri. Uamuzi ni wa Waziri, na sheria haimlazimishi kutoa sababu. Hapo ni kwa mgeni. Mimi nawasemea wasio wageni.

Mtu wa Ujiji, Uvinza, Kakonko au Ngara akienda kuomba hati huulizwa babu mzaa baba alizaliwa wapi, bibi mzaa mama alizikwa wapi, mwenyekiti wa kitongoji mwaka fulani alikuwa nani. Ukisita kidogo, faili linawekwa pembeni. Chimbuko la maswali ya babu ni la kisheria kweli: aliyezaliwa Tanganyika kabla ya 9 Desemba 1961 alikuwa raia siku ya Uhuru ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Haya, babu yangu Mmanyema, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo enzi za misafara ya pembe za ndovu, cheti cha kuzaliwa angekitoa wapi wakati Waafrika walio wengi hawakuwa wanasajiliwa? Maswali yale hayana kitabu cha kusoma, hayana alama ya kufaulia, na msahihishaji ni yuleyule aliyekutilia shaka. Mwenzako wa Iringa au Mtwara aliyesahau kaburi la bibi yake ameambiwa tu akaulize nyumbani. Wewe wa Kigoma kusahau kwako ni ushahidi.

Na si wanyonge peke yao. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mtu aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Alikuja kupewa uraia baadaye. Zambia mwaka 1999 mahakama ilisema Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi ile miaka 27, si raia kwa sababu wazazi wake walitoka Malawi. Mtihani unaomfelisha Kaunda kwa Uzambia, tuuite mtihani wa nini?

Nitoe mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote halafu niwaachie. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani kutoka mwambao wetu hadi Usomali. Waliotoroka wakaanzisha vijiji kando ya mto Juba. Wakakaa huko zaidi ya miaka 100, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991 wengine wakarudi walikosikia babu zao walitoka, Tanga. Walipokewa kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, Handeni, kisha wengi wao wakapewa uraia wa tajnisi. Naishukuru serikali yetu kwa hilo, ni jambo la heshima. Lakini tazameni: kwa karatasi walikuwa Wasomali, kwa ulimi Wazigua, kwa sheria wakimbizi, na walipokaa na wenyeji kuzungumza walielewana. Leteni mtunzi wa mitihani aniambie angewauliza swali gani la kuchagua A, B, C.

Nawasilisha.

#2 Binti Msambweni

Mleta uzi ahsante, umenigusa. Mimi ni wa Kwale, Kenya. Wamakonde tumezaliwa nao, tumesoma nao. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu miaka ya 1930. Wajukuu wamezaliwa hapa, wanaongea Kidigo kama sisi, wanazika hapa. Kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hawakuwa nacho.

Wasiojua waelewe kukosa kipande Kenya ni nini. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo pesa zako ziko kwenye simu ya mtu mwingine. Huajiriwi popote pa maana. Ukikutana na polisi jioni unatoa kitu kidogo au unalala ndani. Kijana anafaulu mtihani wa shule, hana pa kwenda.

Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Mamia ya watu, akina mama na wazee. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu, akaamuru wapewe vipande, na Februari 2017 vikaanza kutolewa. Wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Baadaye Washona wakatambuliwa, na 2023 Wapemba wa huku pwani.

Swali langu kwa wenye akili: kati ya Septemba 2016 na Februari 2017 ni nini kilibadilika ndani ya Mmakonde? Hakuna. Hakujifunza wimbo wa taifa upya. Aliyebadilika ni anayemtazama.

Lakini pia nina neno kwa mleta uzi. Umesema mtihani wa karatasi una madhara madogo. Kwa mzee asiyejua kusoma hauna madhara madogo hata kidogo. Sheria yetu inataka mwombaji aweze kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya huku. Hiyo naiona bora, kwa sababu lugha ya mdomo mtu huipata sokoni na kisimani. Ukimwekea kitabu umewachuja maskini.

#3 Mlinzi wa Ziwa

Mkuu mleta uzi, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu asiyeishi mpakani, na wakati unasema ni wa Ujiji. Mimi nipo Kigoma pia.

Boti zinaingia usiku kutoka Kongo na Burundi. Kuna watu wana vitambulisho vya nchi mbili, wanapiga kura huku na kule. Silaha zimepita. Majambazi waliowahi kuteka mabasi njia ya Kasulu na Kibondo mnawakumbuka. Ofisa aliyewekwa pale afanye nini? Amwamini kila anayesema babu yangu alizikwa hapa?

Nchi bila mlango si nchi. Maswali ya babu na mwenyekiti wa kitongoji ndiyo pekee mgeni hawezi kuyakariri, kwa sababu hayapo kwenye kitabu. Ukiyaweka kwenye kitabu kama Uingereza, kesho kitabu kinauzwa Bujumbura. Kwa hiyo kile unachokiita udhaifu ndicho kinachotulinda.

#4 Mjukuu wa Ujiji (mleta uzi)

Binti Msambweni, dada yangu, hoja ya mzee asiyejua kusoma naipokea yote. Na ile ya "aliyebadilika ni anayemtazama" naomba kila anayesoma uzi huu aisome mara mbili.

Mlinzi wa Ziwa, nakuheshimu kwa sababu unaongea unachokiona. Mlango uwepo, sijapinga. Ila tazama hoja yako vizuri. Unasema mgeni hawezi kukariri kaburi la babu. Anaweza. Mtu mwenye nia mbaya na fedha ananunua babu, ananunua na barua ya mtaa. Asiyeweza kujibu ni mama wa watu aliyefiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na shangazi. Maswali yale yanamkamata mnyoofu.

Tena kuna jambo la nani anapaswa kuthibitisha. Pale Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu Machi 2018 katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mwaka 2012 bwana huyu alikwenda polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikashikiliwa. Mwaka 2014 akafukuzwa nchini kwenda Kenya. Kenya nao wakasema si wetu, wakamrudisha. Akaishi eneo la katikati ya mipaka miwili, hana nchi mbele wala nyuma. Mashahidi walipingana kuhusu wazazi wake, wengine wakisema ni mtoto wa fulani, wengine wakikana. Mahakama ikasema jambo hilo lingemalizwa na kipimo cha vinasaba, na serikali haikukifanya. Muhimu zaidi ikasema hivi: mtu aliyeishi akitambuliwa kuwa raia, ana hati za serikali hiyohiyo, anayetaka kumvua ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mtu hawajibiki kuanza upya kujithibitisha kila ofisa anapopata wasiwasi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka. Mlango uwekwe kwa anayeingia. Aliye ndani tangu azaliwe asitolewe nje kila mwaka ili apimwe upya.

Na inauma kuona kwamba Novemba 2019 nchi yetu iliondoa lile tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe kwenye mahakama hiyo. Yaani leo akitokea Anudo mwingine, njia aliyopita yule haipo.

#5 Mama Wawili, Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niliupita mtihani wa Marekani ule wa maswali 100. Niliufanyia mazoezi jikoni watoto wakiniuliza. Nikiri kwamba ulinifaa: nilijua haki ya uhuru wa kusema na wa kuabudu, nilijua Jaji Mkuu ni nani, nilijua mbunge wa eneo langu, nikamwandikia barua kuhusu shule ya watoto na nikajibiwa. Kwa hiyo msiseme ni upuuzi mtupu. Mgeni anayezijua haki zake hadanganywi.

Ila nataka niwaambie kuhusu bibi mmoja hapa mtaani kwetu. Ni Mrundi wa 1972, wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka huo. Alikimbilia Tanzania kijana, akakaa kambini Kigoma, akaletwa huku na wenzake ile miaka ya 2007 na 2008. Kiingereza kimemkataa. Sheria inasema aliyefikisha miaka 55 na ana ukaazi wa kudumu wa miaka 15 anasamehewa Kiingereza, anajibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Bibi akachagua Kiswahili, si Kirundi. Tumekaa naye jioni nyingi namsomea mihimili mitatu ya serikali ya Marekani kwa Kiswahili, naye anajibu kwa Kiswahili cha Kasulu. Akafaulu.

Sasa nchi yake ni ipi? Burundi hakuiona tena. Tanzania alikaa zaidi ya miaka 30 na haikumchukua. Marekani ndiyo iliyomkubali, na aliingia kwa lugha ya Tanzania. Siku ya kiapo alilia sana. Nilimuuliza baadaye, akasema hajawahi kushika karatasi inayosema yeye ni wa mahali fulani.

Mimi naye tulibadilishana kwa namna ya ajabu. Mimi kwa kula kiapo kile nilipoteza uraia wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu haina uraia pacha kwa mtu mzima. Nikija kuzika wazazi Moshi naingia na viza. Hakuna aliyenipa mtihani wa kuniondoa. Nikiulizwa maswali ya mleta uzi, kaburi la babu, kaburi la bibi, mwenyekiti wa kitongoji, najibu yote bila kusita. Wakenya mmeliweka jambo hili la uraia pacha sawa kwenye Katiba ya 2010, nawaonea wivu.

#6 Fundi wa Ulyankulu

Nimeingia kwa sababu ya huyo bibi.

Sisi ni wale Warundi wa 1972 waliobaki Tanzania, kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na hapa Ulyankulu. Serikali ilikubali kutupa uraia, watu kama 162,000 wakakubaliwa kufikia 2010. Lakini vyeti vilikaa. Tuliambiwa kwanza tuhame makazini, tutawanywe mikoa mingine, ndipo tupewe. Watu wakaacha kupanda miembe, wakaacha kuezeka bati, kwa sababu hujui utahamishwa lini. Ulikuwa umekana Urundi, na Utanzania hujapewa mkononi. Vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, na kuhamishwa kukaachwa.

Mimi nimezaliwa hapa. Tumbaku ya baba imelipa ushuru wa halmashauri tangu sijazaliwa. Kama kuna mtihani wa utaifa, baba yangu aliufanya shambani miaka 40. Hatukuulizwa mwaka wa Azimio la Arusha wala nani alitunga wimbo wa taifa, na tungeulizwa tungejibu, shuleni tulifundishwa sawa na ninyi.

Mlinzi wa Ziwa, sina chuki na wewe. Nakuomba tu ukikutana na mtu mwenye jina kama langu usianze na shaka.

#7 Mlinzi wa Ziwa

Fundi, nimekusoma. Sina shaka na wewe, na maneno yangu hayakuwa ya kuwalenga ninyi mlioandikishwa. Bado nasema mpaka unahitaji macho. Ila hoja ya mzigo wa kuthibitisha sikuwahi kuisikia hivyo, na kama ndivyo ilivyohukumiwa basi ofisa naye apewe mwongozo ulioandikwa, asiachwe na akili yake. Hapo mimi na mleta uzi tunakubaliana.

#8 Kijana wa Nguruka

Mleta uzi samahani, niulize la kwangu. Mama amezaliwa Uvinza 1963, hana cheti cha kuzaliwa. Babu alikuwa kibarua kwenye machimbo ya chumvi, ameshafariki. Aliyebaki ni dada yake babu, ni mzee sana. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, imekwama mwaka wa pili, anaambiwa tu alete uthibitisho. Tufanyeje?

#9 Mjukuu wa Ujiji (mleta uzi)

Mdogo wangu, anza na huyo bibi kabla ya kitu kingine chochote. Mpelekeni kwa wakili au hakimu wiki hii aape hati ya kiapo akiwa bado ana kumbukumbu: mama yako alizaliwa lini, wapi, na wazazi wake ni nani. Bibi aeleze pia babu mwenyewe alizaliwa wapi, maana swali hilo litakuja.

Kisha tafuteni karatasi za zamani. Kama mama alibatizwa, parokia ina daftari, ombeni nakala. Kama alimaliza darasa la saba, shule au ofisi ya elimu ya wilaya ina kumbukumbu. Kwenye machimbo ya chumvi ulizeni kama kuna daftari la vibarua au kadi yoyote ya kazi ya babu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake vinavyomtaja kuwa Mtanzania, kadi yake ya zamani ya mpigakura, vyote toeni kopi mbili mbili.

Mkiwasilisha, pelekeni na barua inayoorodhesha kila mlichotoa, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, ombeni kwa maandishi sababu ya kukataa. Wanaweza kuwaambia si utaratibu. Ombeni hivyohivyo, kwa adabu, na tarehe mliyoomba muiandike. Nitumie ujumbe pembeni ukikwama kwenye maneno ya kile kiapo, nikusaidie kuyapanga.